Stensili Ibaki kwa Mwenye Uso

Kuna neno moja ningependa tulipumzishe: "wasioonekana". Utalikuta kwenye mabango ya maonyesho ya sanaa, kwenye maandiko ya kuombea ufadhili, na kwenye maelezo ya mstari mmoja chini ya picha ya mama fulani mwenye kitenge kilichopauka. Jina lake halipo. Lipo la mchoraji, la mfadhili, la ukumbi, wakati mwingine hata la kampuni iliyoleta maji ya kunywa. Yeye ni "mmoja wa wasioonekana", basi.

Asiyeonekana na nani? Mwanamke anayeanika dagaa kwenye mialo ya Majita, huku kwetu Mara, anaonekana tangu alfajiri. Mwenye mtumbwi anamwona akisogea na beseni. Mtoza ushuru anamwona kabla hajauza hata kisado kimoja. Wenzake wa kikoba wanamwona, na siku ya marejesho wanamwona hata akiwa amejifungia ndani. Ukisema haonekani, umesema kwamba macho yanayohesabika ni yale tu yaliyomo kwenye ukumbi wenye kiyoyozi. Upofu ni wetu, lakini tumeuandika kwenye mwili wake kana kwamba ni kitu alichozaliwa nacho.

Nasema haya nikiwa mpenzi wa sanaa ya stensili. Wazazi wetu waliosoma kabla ya mashine za fotokopi kuzagaa wanaijua stensili ya shule: karatasi yenye nta, mwalimu anachapa mtihani juu yake, inafungwa kwenye mashine ya kuzungusha kwa mkono, wino unapenya palipochapwa. Ya ukutani ni ndugu yake. Unakata matundu kwenye kadi, unaishikiza ukutani, unapuliza rangi, unaondoa kadi, unaondoka. Kazi ya wiki moja mezani, dakika mbili mtaani. Blek le Rat alianza kuwapuliza panya kwenye kuta za Paris mwaka 1981, na baadaye akawapuliza watu wasio na makazi kwa ukubwa wao halisi. Mfaransa mwingine, anayejiita C215, amejenga jina kwa kukata nyuso za ombaomba na watu wa mitaani kwa wembe, mstari juu ya mstari, mpaka mikunjo ya ngozi inaonekana. Wazo lao ni jepesi kulielewa: ambaye hakuwahi kupewa fremu apewe ukuta. Wazo hilo sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni na tunavyolipokea sisi, vijana wenye shahada na simu zenye kamera nzuri, na kuanza kulipeleka vijijini kwetu bila kuuliza ukuta ni wa nani na uso ni wa nani.

Kwa sababu kuta za kwetu si tupu. Anzia stendi ya Bweri pale Musoma, shuka mpaka Mwigobero, kisha nenda Bunda, kisha Butiama, ukihesabu nyuso zilizobandikwa au kuchorwa. Utakutana na wagombea, hata wale walioshindwa miaka mingi iliyopita, wakitabasamu huku mvua ikiwa imewala shavu moja. Utakutana na wasichana wa matangazo ya sabuni na laini za simu. Utakutana na wahubiri wa mikutano ya injili. Kwenye milango ya vinyozi utakutana na vichwa vya wanamuziki wa Marekani, vingine vimechorwa vibaya kiasi kwamba unawatambua kwa kofia tu. Na kila mahali, Mwalimu. Ni haki yake; alizaliwa hapo Butiama, amelala hapo Mwitongo, na uso wake uko kwenye noti ya shilingi 1,000. Uso wa Mwalimu niliujua kabla ya kuujua wa babu yangu, kwa kuwa babu hakuacha picha hata moja. Hakuna aliyemficha babu. Katika maisha yake mtu mwenye kamera alikuwa anakuja kwa shughuli nyingine.

Wala stensili yenyewe si ngeni. Iko kwenye namba za usajili za mitumbwi. Iko kwenye magunia, kwa alama za wenye mzigo. Iko kwenye mgongo wa madawati, ili mtoto akae darasa la kwanza hadi la saba akiwa ameegemea jina la mtu aliyetoa msaada. Halafu kuna ile X nyekundu ambayo haihitaji hata kadi, brashi inatosha, inayowekwa kwenye nyumba zilizo ndani ya hifadhi ya barabara. Kwa hiyo mama wa kijijini akimwona kijana mgeni anasogelea ukuta wake na kopo la rangi, sanaa ndicho kitu cha mwisho kumjia akilini. Anafikiria bomoabomoa. Rangi ikija nyumbani kwake kutoka kwa mtu wa nje, mara nyingi imekuja kumwambia kwamba alichokuwa nacho si chake, au kwamba aliyempa asisahaulike. Mchoraji asiyejua historia hiyo ya kopo lake atashangaa kwa nini anafukuzwa na mawe.

Niseme kidogo kuhusu ufundi, maana wanaopenda kuzungumzia "sauti" na "utu" huupita ufundi mbio, na mimi naona mambo mengi yanaamuliwa humo.

Video nyingi za mafunzo mtandaoni zinakufundisha hivi: chukua picha, ongeza utofauti wa giza na mwanga, kata sehemu zenye kivuli, puliza rangi nyeusi juu ya ukuta mweupe. Palipobaki peupe ndipo ngozi. Njia hiyo imepikwa kwa ajili ya uso fulani na ukuta fulani. Ukiitumia kwa mwanamke mweusi aliyeshinda juani ziwani, unapata moja kati ya mawili. Ama kivuli kinaumeza uso wote unabaki na doa jeusi lenye meno, ama unapandisha mwanga kwenye kompyuta mpaka mama wa watu anatokea kama aliyemwagiwa unga wa muhogo. Nimeiona michoro ya aina zote mbili, na yote miwili ilisifiwa.

Uso wetu unataka uanze upande wa pili. Kata mwanga, acha kivuli. Weka kwanza rangi ya ngozi, ya giza, kwa umbo zima la kichwa. Kisha kadi ya pili iwe na matundu pale tu jua linapogusa: paji la uso, mfupa wa shavu, ncha ya pua, mdomo wa chini, jasho juu ya nyusi. Na ukiwa na nyumba ya tope, ambayo bado zipo nyingi huku kwetu, ukuta wenyewe umeshakupa ngozi. Unahitaji giza kidogo kwenye macho na kidevu, mwanga kidogo juu, umemaliza. Ukuta ambao mwenye pesa anauona ni aibu ya umaskini, kwa stensili ni rangi iliyokwisha kuchanganywa.

Halafu kuna vidaraja. Kadi ni kitu kimoja. Ukikata duara zima la jicho, mboni inadondoka chini. Lazima uache vipande vyembamba vya kuishikilia. Kwa hiyo kila stensili ya uso ina mistari ambayo uso wenyewe hauna, na ina mistari ya uso iliyoachwa ili kadi isianguke. Nani anaamua mkunjo upi ubaki na upi upotee? Mchoraji, usiku, mezani kwake, akiwa na picha aliyoipiga kwa sekunde moja. Mwenye uso hayupo. Ningekuwa na mamlaka ningedai awepo, aambiwe "hapa nikikata, kovu lako litaondoka, unataka?" Swali hilo linachukua nusu dakika.

Ukitaka kuona jambo hili likifanywa kwa ukubwa, na kwa nia njema, nenda Kibera mwaka 2009. Msanii wa Kifaransa JR alifunika mita za mraba 2,000 za mapaa kwa picha za nyuso na macho ya wanawake wa mtaa ule. Hazikuwa stensili, zilikuwa picha zilizochapwa, na hapo namvulia kofia: alizichapa kwenye turubai lisilopitisha maji, ili paa linalovuja likinge mvua. Macho mengine aliyabandika kwenye mabehewa ya treni inayokatiza Kibera, na nusu za chini za nyuso zikawekwa kwenye mabati kwenye mteremko chini ya reli, treni ikipita uso unakamilika kwa sekunde chache. Ni kazi ya akili. Lakini paa linaonwa na nani? Anayelala chini yake haoni paa lake. Jicho lile kubwa lilitazama juu, kwenye ndege na setilaiti, na kwa kweli wengi wetu tuliliona kwa picha zilizopigwa kutoka juu. Mvua ilizuiwa, na hilo ni jambo kubwa kuliko maonyesho mengi yaliyowahi kumfanyia mtu maskini. Ila turubai lilikuwa la mama, na taswira ikawa ya dunia.

Au nenda California, mwaka 1936, ambako Dorothea Lange alipiga picha ya mama aliyekaa na watoto wake kwenye kambi ya wavuna njegere. Ikawa picha maarufu kuliko zote za umaskini wa Marekani. Jina la mama yule, Florence Owens Thompson, lilijulikana hadharani mwaka 1978. Miaka 42 dunia ilikuwa inamtazama usoni bila kujua ni nani, na alipopatikana alilalamika kwamba picha ile haikumpa hata senti. Nitarudia kwa wale wanaosema kuchorwa peke yake ni heshima: miaka 42.

Sasa nisogee kwenye jambo linalonifanya niandike kwa hasira hasa, na ambalo mijadala ya sanaa ya mtaani iliyoandikwa Ulaya haiwezi kunisaidia. Tuko Kanda ya Ziwa.

Katika kanda hii vikongwe wameuawa kwa kuwa macho yao ni mekundu. Mekundu kwa moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe, kwa miaka hamsini ya kupulizia jiko, lakini jirani akaona uchawi. Katika kanda hii watu wenye ualbino wamewindwa, hasa kuanzia mwaka 2007 habari zao zilipoanza kujaa magazetini, na kuna watoto walioondolewa kwao wakapelekwa kulelewa kwenye vituo vyenye ulinzi. Katika mkoa huu huu wa Mara, ikifika Desemba ya msimu wa ukeketaji, wasichana wanatoroka usiku kwenda kwenye nyumba salama za Mugumu na Butiama. Watu wote hao hawakuwa na tatizo la kutoonekana. Walionekana mno, na waliowaona walikuwa watu wabaya. Bibi anayevaa khanga mpaka usawa wa nyusi sokoni ana hesabu zake. Binti aliyeko nyumba salama amelipia kwa miguu yake umbali kati ya uso wake na watu wa kwao. Halafu tunakuja sisi na kadi na kopo, tumesoma makala mbili za nadharia, tunataka "kumrudishia uso wake" ukutani kwenye barabara kuu!

Mwenye macho haambiwi tazama, tunasema. Lakini asiyetaka kutazamwa naye aambiwe nini?

Nilipolitoa hoja hili kwenye semina ya shahada ninayosoma, mwenzangu mmoja, mtu ninayemheshimu, alinijibu kwamba ukianza kuomba ruhusa grafiti imekufa, kwamba uasi ndio uhai wake. Ni hoja nzuri kwa mtu anayemchora mkubwa. Mwaka 2012 wasanii wa Nairobi wakiwa na Boniface Mwangi waliwachora wanasiasa wa Kenya kama tai mla mizoga waliovaa suti, na hakuna mwenye akili atakayesema wangeomba kibali cha tai. Mwanasiasa alishaupeleka uso wake ukutani mwenyewe, kwa gharama zake, akitaka kura. Kumjibu ukutani hapo hapo ni mazungumzo. Mama wa dagaa hakumbandikia mtu uso wake. Kumchora bila kumuuliza ukaita uasi ni kuasi dhidi ya mtu aliye chini yako, na jambo hilo huku Uswahilini lina jina jingine kabisa. Hata Solo7, aliyeandika maneno ya amani kwenye kuta na milango ya Kibera wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, alikuwa anaandika mtaani anakoishi. Moto ungefika kwenye ukuta alioandika, ungefika na kwake.

Ninachodai si ruhusa tu, maana ruhusa siku hizi imekuwa fomu. Mtu anasaini asichokisoma ili apewe soda. Nadai kadi.

Fikiria stensili ni nini. Mchoro wa ukutani ni nakala. Ukifutwa na mvua, ukipakwa chokaa, unaweza kurudiwa kesho mahali kumi. Chanzo cha nakala zote ni ile kadi iliyokatwa. Aliye na kadi ndiye anayeweza kuupeleka uso Mwanza, Dar, kwenye fulana, kwenye jalada la ripoti. Picha ya simu inakimbia ikishatumwa, hakuna wa kuikamata. Lakini kadi ni kitu, ina uzito, inawekwa chini ya godoro, inachomwa moto mtu akibadili mawazo. Basi mchoraji akimaliza, kadi ibaki kwa mwenye uso, na picha aliyokatia aifute mbele yake. Kama wakikubaliana kwamba mchoraji abaki na nakala, na alipe. Nasikia mtu anasema kadi inaweza kukatwa upya kutokana na mchoro wa ukutani. Inaweza, kama funguo inavyoweza kuchongwa, na bado tunafunga milango.

Na uso uwekwe anakotaka yeye. Mundano, mchoraji wa São Paulo, alianza kuchora kwenye mikokoteni ya waokota taka badala ya kuwachora wao kwenye kuta za watu wengine, na mwaka 2012 akaanzisha kampeni iliyoambatana na kukarabati mikokoteni yenyewe. Rangi ikaenda pale mtu anapofanyia kazi, ikamfuata barabarani, ikamfanya dereva wa gari apunguze mwendo. Ukitembea Bunda siku ya soko ukiangalia mikokoteni ilivyo mingi utaelewa kwa nini nalitaja hili.

Shangazi yangu ananunua na kuanika dagaa upande wa Majita. Jina lake silitaji hapa kwa sababu sijamwomba. Nilipompigia simu na kumweleza kwamba kuna sanaa ya kuchora ukutani watu waliosahauliwa na jamii, alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Sasa hao walionisahau ni akina nani, mwanangu? Wananidai au mimi ndiye nawadai?" Nikamweleza vizuri zaidi. Ukutani alikataa. Alisema ukuta wake una ufa, na watu watasema ameanza kugombea udiwani.

Lakini habari ya kadi ilimshika. Aliniuliza mara tatu kama kweli kadi ingekuwa yake. Kisha akasema anataka uso wake kwenye magunia.

Ana sababu. Dagaa wake anawaanika kwenye kichanja, juu ya wavu, si kwenye mchanga. Ni gharama, ni miti ya kununua na wavu wa kushona, lakini dagaa wanatoka safi, hawasagi meno. Wakifika Mwaloni pale Kirumba, Mwanza, wanachanganywa na wa mchangani na bei inakuwa moja, na mnunuzi wa kutoka mbali hajui nani alihangaika na nani hakuhangaika. Gunia lenye uso wake lingemjulisha. Jina alilotaka liwekwe chini ya uso si la kitambulisho cha NIDA. Ni la mwanawe wa kwanza, Mama Fulani, kama anavyoitwa mwaloni.

Wenzangu wawili wa darasani walisikitika nilipowasimulia. Walisema hiyo si sanaa tena, ni nembo ya biashara. Sijui wanadhani C215 anatia saini yake pembeni mwa mchoro kwa ajili ya nini. Mtu akitaka uso wake umuuzie dagaa, na si umuuzie mtu mwingine tiketi ya maonyesho, mimi naona ameielewa stensili kuliko semina yetu nzima.

Kilichobaki kati yangu na shangazi ni suala la kadi yenyewe. Aliuliza inadumu muda gani. Nikamwambia ya boksi inalowa rangi na kujikunja baada ya magunia machache, plastiki ngumu ndiyo inayodumu, na kwamba watu hutumia filamu za eksirei. Akasema anayo, ya goti lake, ya mwaka juzi, iko kabatini. Nikamwambia ukiiloweka kwenye jiki picha ya mfupa inafutika, inabaki plastiki tupu. Akafikiri. Akasema basi nisubiri, mwezi ujao anarudi kwa daktari, huenda akaihitaji.